Adui Aliye Ndani ya Shina: Mnyauko wa Migomba Tarime na Serengeti

Tunapozungumza juu ya kilimo katika vikao vyetu tuna desturi ya kuanza na mkulima, kisha bei, kisha soko, kisha barabara. Si vibaya, maana hayo ndiyo mambo yanayoamua nani anafaidi jasho la nani. Lakini mmea wenyewe mara nyingi tunaupita, kana kwamba ni chombo kisicho na siri yoyote ndani yake, na siri za mmea ni kazi ya bwana shamba peke yake. Maoni yetu katika makala hii ni kwamba kwa upande wa mnyauko wa migomba, ugonjwa unaowakabili wakulima wa wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, haiwezekani kupanga siasa ya kazi, yaani nani afanye nini, kwa muda gani na kwa hasara ya nani, bila kwanza kujua kijidudu kinapitia wapi ndani ya mgomba na kinaishia wapi. Amri iliyotolewa bila kujua jambo hilo ilikwisha kutolewa katika nchi kadhaa za Maziwa Makuu, na wakulima waliikataa. Hawakuikataa kwa maneno. Waliacha tu kuitekeleza.

Tuanze na historia fupi. Ugonjwa huu ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1968 nchini Ethiopia na Dagnachew Yirgou na J. F. Bradbury. Waliukuta kwenye enseti, ndugu wa mgomba ambaye watu wa kusini mwa nchi ile hawali matunda yake bali hula tunguu na shina lake. Mwaka 1974 waliuripoti kwenye migomba ya kawaida. Kwa miaka mingi baada ya hapo ulihesabiwa kuwa ni shida ya Wahabeshi, na sisi wengine hatukujishughulisha nao. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda katika wilaya ya Mukono. Wakati huohuo ukawa umeshika mashamba ya Masisi katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Rwanda ilifikiwa mwaka 2005. Mwaka 2006 ukathibitishwa Kenya upande wa magharibi, na mwaka huohuo ukathibitishwa kwetu katika mkoa wa Kagera. Burundi ilifuata mwaka 2010. Kutoka Kagera ugonjwa haukutulia. Ulienea katika mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa, na mkoa wa Mara ni mmojawapo.

Msomaji akiangalia ramani ataona kwamba Tarime iko katika njia panda. Upande mmoja ni ziwa na mikoa iliyokwisha kuambukizwa. Upande mwingine ni mpaka wa Sirari, ambao ng'ambo yake ni Kenya. Katika nyanda za juu za Tarime mgomba na mbuni hukaa shamba moja, na ndizi ni chakula na ni fedha ya wiki kwa wiki. Serengeti hali ni tofauti. Huko mtama, ulezi, mihogo na mahindi ndiyo nguzo ya chakula, na mgomba ni zao la pembeni. Tofauti hii ina maana, kwa sababu zao la pembeni halikaguliwi. Shina tatu zilizosahauliwa nyuma ya nyumba zinaweza kutunza ugonjwa mwaka mzima bila mtu kuzitazama.

Kijidudu chenyewe

Mnyauko huu hauletwi na ukungu wala virusi, wala hautokani na kuchoka kwa ardhi. Unaletwa na bakteria anayeitwa kwa jina la kisayansi Xanthomonas vasicola pv. musacearum. Ni kiumbe chenye umbo la kijiti, chenye mkia mmoja wa kuogelea, na kidogo kiasi kwamba ukiwapanga kichwa kwa mkia utahitaji mia tano hadi elfu moja kuijaza milimita moja. Bakteria huyu hana meno wala misuli. Hawezi kutoboa ganda la mgomba ulio mzima. Hili ni jambo la kwanza ambalo kada anapaswa kulishika: lazima afunguliwe mlango. Nani anayemfungulia mlango, hilo ndilo swali la pili, na jibu lake halitatufurahisha.

Hadi mwaka 2020 wataalamu walimweka katika ukoo wa bakteria wa kabichi. Mwaka huo, baada ya kulinganisha chembe za urithi, alihamishiwa rasmi katika ukoo wa Xanthomonas vasicola. Mabadiliko ya jina yanaweza kuonekana kuwa ni mchezo wa wasomi, lakini hapa yanatufundisha kitu. Ndugu zake wa karibu katika ukoo huo mpya ni nani? Ni bakteria wanaoishi kwenye mtama, kwenye mahindi na kwenye miwa. Katika majaribio, bakteria wa migomba alipodungwa kwenye mahindi aliyaambukiza, ingawa wale wa miwa walipodungwa kwenye migomba hawakuweza kitu. Wataalamu wana kila sababu ya kudhani kwamba mnyauko wa migomba ulizaliwa pale bakteria wa majani na nafaka alipovuka kuingia katika jamii ya mgomba. Kwa mkulima wa Serengeti mwenye mtama, mahindi na migomba michache katika eneo moja, jambo hili si la kupuuzwa, ingawa hatusemi kwamba mtama wake ndio unaoua migomba yake. Ushahidi wa hilo shambani haupo.

Muundo wa mgomba

Ili kuelewa bakteria anavyoingia na kutulia, ni lazima kuelewa mgomba ulivyojengwa. Wengi wetu tumekua chini ya migomba na bado hatujui kwamba kile tunachokiita shina si shina. Ni ala za majani zilizokumbatiana, moja ndani ya nyingine, kama karatasi zilizoviringishwa. Shina la kweli ni tunguu, lile bonge gumu lililofukiwa ardhini. Tunguu ndilo linalotoa mizizi chini, majani juu, na machipukizi pembeni. Mgomba unapokaribia kuzaa, ndipo tunguu linapopeleka shina la kweli juu kwa kulipitisha katikati ya zile ala, hadi litokeze kileleni likiwa na ua, na ua likawa mkungu. (Chama kilipochagua maneno shina, tawi na chipukizi kwa ajili ya safu zake, kiliyatoa shambani. Katika makala hii tunayarudisha shambani: tukisema shina zima tuna maana ya tunguu na migomba yote, mikubwa na midogo, iliyotoka kwake.)

Ndani ya ala, ndani ya tunguu na ndani ya shina la kweli kuna mishipa ya aina mbili. Mishipa ya aina ya kwanza hubeba chakula kilichotengenezwa na majani. Ya pili hubeba maji na chumvi kutoka mizizini. Hii ya maji ni mabomba ya seli zilizokufa, matupu ndani, ambayo ncha zake zimetobolewa ili maji yapite kutoka seli hadi seli. Hakuna pampu inayoyasukuma. Jua linakausha uso wa jani, maji yanatoka, na kutoka kwake kunavuta mengine kutoka chini, kama mtu anavyovuta togwa kwa mrija. Mradi mrija uko wazi, mgomba unasimama. Ukiziba, mgomba unanyauka hata kama umesimama ndani ya kijito. Mkulima anayemwagilia maji mgomba wenye mnyauko anamwagilia mrija ulioziba.

Milango miwili

Mlango wa kwanza ni ua dume, lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Kila siku ua hilo huangusha kole na vijiua vyake, na kila kinapoanguka kitu hubaki kovu bichi linalotoa utomvu mtamu. Nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma na nzi wa matunda huufuata. Kama mgomba waliotoka kwake ulikuwa mgonjwa, miguu na vinywa vyao vimebeba bakteria. Kovu bichi ni mdomo wazi wa mishipa ya maji. Hapo bakteria anaingia bila kubisha hodi.

Mlango wa pili ni panga. Mkulima anakata majani makavu kwenye mgomba mgonjwa ambao bado haujaonyesha dalili, kisha anaendelea na mgomba wa pili, wa tatu, hadi mwisho wa shamba. Anatoa machipukizi kwa sururu au jembe, na jembe hilohilo linagusa tunguu la jirani. Utomvu uliobaki kwenye makali umejaa bakteria. Hakuna nyuki anayefanya kazi kwa bidii kama panga moja mikononi mwa mtu mwenye juhudi. Mkulima mvivu asiyepogoa, shamba lake huambukizwa na wadudu peke yao. Mkulima hodari anaambukiza lake mwenyewe kwa siku moja. Huu ni ukinzani wa kweli, na hautatuliki kwa kumsifu mvivu. Unatatuliwa kwa moto, kama tutakavyoona.

Kuna na njia nyingine zisizo milango ya mmea bali za safari: machipukizi yanayohamishwa kutoka shamba hadi shamba, mikungu inayosafirishwa ikiwa imefungwa kwa majani mabichi ya migomba, na mifugo. Katika nchi ya wafugaji kama Mara, wakati wa kiangazi mgomba ulioanguka hukatwakatwa ukawa chakula cha ng'ombe na mbuzi. Mbuzi aliyekula mgomba mgonjwa kisha akararua chipukizi la jirani amefanya kazi ya panga.

Jinsi anavyotulia ndani

Bakteria akishaingia mshipani anakuta mazingira ambayo viumbe wengi wasingeyaweza. Maji ya mshipa yana chakula kidogo sana, nayo yanakwenda kasi. Tena seli hai zinazozunguka mshipa zina ulinzi wake. Zinapohisi mgeni hujaribu kuziba eneo na kumwaga sumu. Bakteria wa ukoo huu wana silaha dhidi ya ulinzi huo: kitu kama sindano kinachotoka mwilini mwao na kuingia katika seli ya mmea, kikiingiza protini zinazonyamazisha kengele ya hatari. Seli haipigi kelele, na majirani zake hawajiandai.

Akishanyamazisha ulinzi anazaana. Kila kundi linatoa gundi nzito inayowashikamanisha bakteria kwenye kuta za mshipa ili maji yasiwachukue, na inayowakinga. Gundi ya namna hii, inayotolewa na ndugu yake anayeishi kwenye kabichi, huzalishwa viwandani kwa matani na kutiwa ndani ya sosi na dawa za meno ili ziwe nzito. Wachimbaji wa mafuta nao huitumia katika matope ya kuchimbia. Ndani ya mgomba kazi yake ni ileile, kuyafanya maji kuwa mazito, ila hapa matokeo ni kifo. Mrija mmoja unaziba, kisha wa pili. Majani yanaanza kugeuka manjano, yanalegea kama yaliyochovywa maji ya moto, yanavunjika katikati na kuning'inia. Ikiwa ugonjwa uliingia kwa panga, dalili huonekana katika wiki chache, na huweza kuanza kwenye jani lolote. Ikiwa uliingia kwa ua dume, ua ndilo hunyauka na kuoza kwanza, kisha ndizi huiva kabla ya wakati na kwa mchanganyiko, mbivu na mbichi katika chane moja. Ukiikata ndizi, nyama yake ina madoa ya rangi ya kutu. Ukilikata shina, baada ya dakika chache utaona utomvu wa manjano kama usaha ukichomoza kwenye mkato. Huo ndio umati wenyewe wa bakteria na gundi yao.

Tunasisitiza dalili hizi kwa sababu kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu machoni, ule unaojulikana kama mnyauko wa Panama, ambao unaletwa na ukungu wa udongoni. Panama haitoi usaha wa manjano wala haiharibu nyama ya ndizi. Inaacha michirizi ya hudhurungi au nyekundu ndani ya shina na tunguu, na kwa kawaida majani ya zamani hutangulia kufa. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Kada asiye na uhakika akate kipande kidogo cha shina, akitumbukize ndani ya glasi safi ya maji, asubiri. Kama ni bakteria, nyuzi za ukungu mweupe au manjano zitashuka kutoka kwenye kipande kama moshi uliogeuzwa chini juu. Hakuna maabara inayohitajika kwa jaribio hili, nalo linaweza kufanywa mbele ya mkutano wa kijiji mzima.

Swali la tunguu

Sasa tunafika kwenye kiini cha hoja yetu. Bakteria aliyeingia juu, kwenye ua dume, ana safari ndefu ya kushuka. Lazima apite kikonyo cha mkungu, ashuke shina la kweli lililo katikati ya ala, ndipo afike kwenye tunguu. Anashuka kinyume cha mkondo wa maji. Ndiyo maana safari hiyo huchukua wiki nyingi, na mara nyingine miezi. Mgomba ukikatwa mapema usawa wa ardhi, tunguu linaweza kubaki salama.

Na akishafika kwenye tunguu, je, anaenea kote? Kwa miaka mingi jibu lililotolewa lilikuwa ndiyo. Mgomba mmoja ukiumwa, ilisemekana, shina zima limekwisha, mama na watoto na wajukuu. Kutokana na jibu hilo ikatoka kanuni ya kazi: ng'oa shina zima, chimbua tunguu, ondoa kila chipukizi, zika au lundika, na usipande migomba hapo kwa miezi isiyopungua sita. Kanuni hii ilipelekwa Uganda, Kongo, Rwanda na kwetu Kagera. Palipokuwa na nguvu ya dola ya kutosha ilitekelezwa, na ugonjwa ulipungua. Lakini tuangalie inamdai nini mkulima. Tunguu la mgomba mkubwa halichimbuliki kwa dakika tano. Shina moja lenye migomba mingi ni kazi ya nusu siku au zaidi ya mtu mwenye nguvu, na mashamba mengi yamebaki mikononi mwa akina mama na wazee. Mwanamke anaambiwa ang'oe migomba kumi ambayo miwili tu ndiyo inayoonekana kuumwa. Minane iliyobaki ina mikungu. Ni chakula cha watoto wake miezi mitatu ijayo. Je, tunashangaa kwamba alingoja mkaguzi apite, kisha akaendelea na shughuli zake?

Walikuwepo viongozi waliomwita mwanamke huyo mkaidi. Sisi hatukubaliani nao. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kumkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, na kumwita mtu mkaidi kwa sababu anahesabu mikungu yake vizuri kuliko wewe ni dharau. Ukweli ni kwamba hesabu yake ilikuwa karibu na sayansi kuliko ile kanuni.

Wataalamu waliokwenda kuchunguza shina zilizoumwa bila kung'olewa, hasa mashariki mwa Kongo na Uganda, walikuta jambo ambalo halikutegemewa. Bakteria hakuenea sawasawa. Katika shina moja, mgomba mama ulikufa, chipukizi moja likafa, na machipukizi mengine yakakua, yakazaa, yakavunwa. Mengine yalikuwa na bakteria ndani bila kuonyesha dalili yoyote kwa muda mrefu, na baadhi hayakuonyesha kamwe. Sababu inaonekana kuwa katika muundo wenyewe wa tunguu. Mishipa yake haikunyooka kama mabomba. Imesokotana na kukatikakatika, na kila chipukizi linapoota mizizi yake huanza kujitegemea kwa maji. Njia ya kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ipo, lakini ni nyembamba, na si kila bakteria anaipata.

Matokeo yake ni kanuni nyingine ya kazi, iliyokubalika zaidi na zaidi katika miaka ya 2010: kata mgomba ulio mgonjwa tu, usawa wa ardhi, mara dalili inapoonekana, acha mingine, rudi kila wiki, kata tena wowote unaoonyesha dalili. Ugonjwa haufi siku moja. Unashuka polepole kwa miezi, kwa sababu kila unapokata mgomba mgonjwa unaondoa ghala la bakteria kabla nyuki na panga hawajalifikia, na wakati huohuo zile mbinu za kufunga milango zinazuia maambukizo mapya. Kazi ya wiki moja ni dakika chache badala ya nusu siku. Mama anaiweza.

Tusidanganyane kwamba kanuni hii mpya ni rahisi kwa kila upande. Kung'oa shina zima kulihitaji nguvu nyingi mara moja. Kukata mgomba mmoja mmoja kunahitaji nidhamu ndogo kwa muda mrefu, nayo kwetu sisi mara nyingi ndiyo ngumu zaidi. Tunajua kufanya kampeni. Kagera ilifanya kampeni kubwa ya kung'oa, ugonjwa ukapungua, na kampeni ilipopoa ugonjwa ukarudi na kuendelea kuenea, kama watafiti walivyoandika mwaka 2016. Tena kanuni mpya haifai kila mahali. Mahali ambapo ugonjwa umeonekana kwa mara ya kwanza, katika shamba moja au mawili tu, tunaona bado ni busara kung'oa shina zote zilizoguswa, kwani hasara ya mtu mmoja au wawili inaweza kulipwa na kijiji kizima kwa chakula na miche. Vilevile shamba ambalo karibu migomba yote inaumwa halina cha kuokoa. Kati ya hali hizi mbili ndiko kuliko mashamba mengi, na huko ndiko panga la kila wiki linafaa.

Funzo la miwa

Tumesema kwamba ndugu wa kijidudu hiki wanaishi kwenye miwa, na inafaa kuangalia huko kidogo, maana tatizo la panga wakulima wa miwa walilijua mapema. Mwaka 1893 huko Australia, N. A. Cobb alieleza ugonjwa wa miwa ambao mkato wa muwa hutoa gundi ya manjano, na akasema kwamba chanzo chake ni bakteria. Baadaye, katika miaka ya 1940, hukohuko Australia katika jimbo la Queensland, ukagundulika ugonjwa mwingine mjanja zaidi, unaodumaza miwa inayochipua upya baada ya kukatwa. Bakteria wake, Leifsonia xyli, anaishi katika mishipa ya maji kama huyu wetu, lakini haui. Hatoi dalili ya nje. Muwa unaonekana mzima, ila mwaka hadi mwaka mavuno yanapungua, na mkulima analaumu mvua. Unasafirishwa na nini? Panga la mkataji na vipande vya kupandia. Wakulima wa miwa wakajifunza kuloweka mbegu kwenye maji ya moto wa nyuzi 50 kwa saa mbili, na kusafisha mapanga wanapotoka shamba moja kwenda lingine.

Mgomba hatuwezi kuuloweka hivyo ukiwa shambani. Lakini panga linaweza kupitishwa kwenye moto hadi lisishikike kwa mkono, au kuchovywa kwenye dawa ya kung'arishia nguo iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tano za maji. Kazi hiyo ifanyike kati ya mgomba na mgomba, si kati ya shamba na shamba tu.

Kazi ya pamoja na panga la pamoja

Hapa kuna jambo ambalo makada lazima tulitazame bila haya. Vijiji vyetu vinasifiwa kwa kazi za pamoja, na ni haki visifiwe. Lakini kundi la watu kumi na tano linalopita shamba hadi shamba kupogoa migomba, likiwa na mapanga yaleyale, kwa mtazamo wa bakteria ni gari la bure. Hali kadhalika desturi njema ya kupeana machipukizi. Mtu anayeanza maisha anapewa miche na jirani bila malipo. Huo ni wema wa kizazi hadi kizazi, na ndiyo njia kuu ya ugonjwa kuruka kutoka kata hadi kata, kwa sababu chipukizi lenye bakteria bila dalili halijulikani kwa macho.

Je, tuache kazi ya pamoja? La hasha. Mnyauko hauwezi kushindwa na mtu mmoja, kwa kuwa nyuki hawajui mpaka wa shamba. Mkulima anayekata migomba yake migonjwa kila wiki, akiwa jirani na shamba lililotelekezwa na mtu aliyehamia mjini, anateka maji kwa pakacha. Kinachotakiwa ni kubadili mpangilio wa kazi hiyo: kundi liende na jiko la mkaa au moto wa kuni, mtu mmoja awe wa kuchoma mapanga tu, shamba lililoachwa likatwe na kundi kwa idhini ya serikali ya kijiji, miche itolewe katika shamba moja lililokaguliwa na kutengwa badala ya kila mtu kutoa nyuma ya nyumba yake. Mahali ambapo ugonjwa umeshika, kupogoa majani mabichi kusimamishwe kabisa kwa muda.

Ua dume nalo liondolewe mara chane la mwisho linapokamilika. Lisikatwe kwa panga, bali livunjwe kwa kijiti kirefu chenye panda, kwa kulizungusha. Kijiti hakikati mishipa kwa makali yenye utomvu wa mgomba mwingine, na mtoto wa shule anaweza kukitumia. Kwenye nyanda za juu sana, kuanzia kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, uambukizaji kwa wadudu umeonekana kuwa mdogo. Milima ya Tarime inapanda kupita mita 1,500, lakini sehemu kubwa ya wilaya iko chini ya kiwango hicho, na Serengeti hali kadhalika. Kwa hiyo hakuna tarafa inayoweza kusema kijiti hakiihusu. Aina za migomba zisizo na ua dume, au zinazoshikilia kole zake bila kuziangusha, zina nafuu kwa mlango wa wadudu. Kwa mlango wa panga hakuna aina inayolimwa iliyo salama. Mgomba mwitu uitwao Musa balbisiana ndio ulioonyesha ukinzani, na nchini Uganda wataalamu wamejaribu kuwaingizia migomba chembe za urithi kutoka pilipili hoho. Majaribio ya shambani yalianza mwaka 2010, lakini miche hiyo haijafika kwa mkulima wa Tarime.

Balozi wa nyumba kumi akitaka kujua kama eneo lake liko salama asisubiri taarifa ya wilaya. Apite kila wiki, atazame maua dume yaliyobaki na majani yaliyovunjika katikati, aulize nani ameazima panga la nani. Na pale anapoona mkungu unaoiva bila mpangilio, aombe ruhusa ya mwenye shamba akate ndizi moja, aifungue, aonyeshe watu nyama yake.